Kadi za Mgongo wa Mama

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kulia,
Juu ya duka la vioo.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu zetu sisi wawili, mimi na Mama, tuliobaki na nyumba hii na kelele za mafundi wa vioo chini yetu. U hali gani? Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu, Kifaru na Mpole, bado wanagombania kiti cha dirishani? Natumaini baridi ya huko imepungua, na kikohozi chako kimekwisha. Hukutuambia kwamba unakohoa, lakini tulikisikia kwenye simu. Mama aliniuliza mara mbili kama una kitambaa cha kufunga shingoni.

Sisi huku tu wazima, kwa kiasi chetu. Kiasi hicho ndicho kilichonifanya nikae chini nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua wakati simu ipo? Lakini tukizungumza kwa simu Mama hukaa pembeni, spika imewashwa, na wewe huanza kunisifu kabla sijafungua mdomo. Jumapili iliyopita nilikuwa nimepiga moyo konde nikwambie. Ukaanza kunisimulia jinsi unavyojivuna kwa wenzako kazini kwamba una mdogo wako wa kiume anayemtunza mama kuliko muuguzi wa kulipwa. Nikanywea. Ukaniuliza kwa nini daktari ameahirisha upasuaji, nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, Dada. Nilikuwa nakusikia kama vile umekaa jikoni kwetu unamenya vitunguu.

Basi nitoe ya moyoni, maana nikizunguka zaidi nitaichana karatasi hii kama nilivyochana tatu za kabla yake. Kadi za mazoezi ya Mama, zile nilizokuwa nakupigia picha na kukutumia kila Jumapili, ni za uongo. Tatu za mwanzo ni za kweli. Nyingine zote nilizijaza mwenyewe hapa mezani, Mama akiwa amekaa kwenye kiti chake cha buluu bila kuinuka. Nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa miezi mitano.

Kama umesimama, kaa. Hasira zako nazijua tangu utoto, na safari hii ni haki yako.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulipokuja mara ya mwisho ulimkuta Mama anashuka ngazi kinyumenyume, mikono miwili ukutani, ukageuka upande ili asione unalia. Alipiga pasi mashuka ya hoteli miaka ishirini na sita, amesimama, ameinama, ile pasi nzito ya mvuke inakwenda na kurudi. Kwa mashuka hayo wewe ulisoma na mimi nikasoma. Mgongo ulikuwa na kila haki ya kulalamika.

Ni wewe uliyempeleka kliniki, ukakaa naye foleni tangu saa moja asubuhi, ukasikiliza kwa makini yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoeleza. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango nikitazama saa. Alisema maumivu ya namna hii hayafukuzwi kwa siku moja. Mtu anaishi nayo huku anayapunguza nguvu, kidogo kidogo, kila siku, siku njema na siku mbaya. Alimwonya Mama hasa juu ya siku njema: asione mgongo umetulia akafua mapazia yote, halafu akalala siku tatu. Mama aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa, maana mapazia alikuwa ameyafua wiki ile ile.

Mtaalamu huyo Mama alimbandika jina la Inuka, kwa kuwa kila sentensi yake iliishia na neno hilo. Inuka ndiye aliyetupa kadi. Siku saba, na kila siku visanduku sita: kutembea asubuhi, kutembea jioni, kunyoosha mgongo kitandani, kuinuka kitini kila nusu saa, taulo la moto kiunoni, na kulala saa ile ile. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika namba ya maumivu, sifuri mpaka kumi. Akasema kwa miezi ya mwanzo Mama asitembee wala kunyoosha peke yake, awepo mtu wa kumshika. Ukanionyeshea kidole mbele ya wote, ukasema mtu mwenyewe ni huyu, na anajua kujaza fomu kuliko kitu kingine chochote. Tukacheka. Hukujua ulichokisema.

Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mtoto mwema. Jioni nikirudi kazini nilikuwa namshika Mama kiwiko, tunatembea kwenye korido kutoka mlango wetu mpaka kwa fundi saa, tunageuka, tunarudi. Fundi saa alikuwa anatusalimu kila tunapofika, na sisi tunaitikia upya kila mara, mpaka salamu zikaisha akawa anatuuliza tu kama tumeshafika. Mama alikuwa anacheka njia nzima. Namba ilianza saba, ikashuka sita, ikafika tano. Siku moja alipanda mpaka juu ya paa akaanika nguo zake mwenyewe, nami nikamfuata nyuma na ndoo ya vibanio.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo kazi ilizidi. Haikuzidi. Nilichoka tu, Dada, na hata kuchoka si neno lenyewe. Nilichoshwa. Kutembea hatua fupi namna ile, ukuta ule ule, huku redioni habari za michezo zinaanza na mimi sijavua viatu. Jumatatu moja nikamwambia tutatembea kesho. Jumanne nikasema tutafidia mwisho wa wiki. Mama akazirudisha ndala zake chini ya kiti. Unamjua, maji yenyewe ya kunywa huomba kwa kuitazama glasi.

Jumapili ile kadi ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini, na wewe ulikuwa unasubiri picha. Hapo ndipo ilipoingia kazi yangu.

Kazi yangu unaijua kwa jina, nasimamia wafanya usafi kwenye jengo la ofisi, ghorofa tisa, vyoo kumi na vinane. Usichokijua ni kadi. Nyuma ya kila mlango wa choo inaning'inia kadi, na kila baada ya saa mbili mtu anatakiwa kutia saini kwamba amepita na kusafisha. Sisi kadi hizo tunazijaza asubuhi, zote, mpaka ya saa kumi na moja jioni. Vyoo ni visafi, hilo naapa, tunasafisha panapohitaji. Lakini kadi ni ya macho ya mkubwa, na usafi ni wa choo. Nimekaa miaka kumi na moja katika akili hiyo.

Tena mimi ndiye bingwa wao. Mfanyakazi mpya akija namfundisha kwamba asitumie kalamu moja siku nzima. Saini ya saa sita iwe imepinda kidogo, mtu ana njaa. Mara moja moja acha nafasi wazi, maana kadi iliyojaa mno humfanya mkubwa avae miwani.

Ujuzi huo wote niliuleta mezani kwa Mama. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikuwa na kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, na mara nyingine nilijaza kabisa na kadi ya wiki inayoanza. Nilitia tiki za asubuhi kwa hii na za jioni kwa ile. Namba za maumivu nilizipanga vizuri, sita, tano, sita, tano, bila kumuuliza. Mara mbili nilidondoshea kadi tone la chai. Kuna wiki niliacha siku mbili tupu, nikaandika pembeni kwamba alikuwa na mafua, ukapiga simu haraka ukamwambia anywe maji ya moto na ndimu, na Mama akakujibu ndiyo mwanangu, nitakunywa. Mama hakuwa na mafua. Nilidhani amejibu hivyo kwa kuwa hakusikia vizuri.

Januari mwaka huu tulikwenda kliniki kwa daktari wa mifupa. Alipanga kadi zote mezani, akazisoma moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akamuuliza Mama anajisikiaje, Mama akasema bado inauma, baba. Daktari akavua miwani, akamwambia kwa upole kabisa: "Mama, wewe umefanya kila tulichokuomba. Mgongo wako ndio uliokataa."

Mama akageuza shingo taratibu akanitazama. Ukutani kulikuwa na picha ya meno, sijui inatafuta nini kwa daktari wa mifupa. Niliitazama picha ile mpaka nikayajua magego yote.

Pale pale wakabadilisha dawa, wakampa kali zaidi, na wakapanga kumpasua tarehe ishirini mwezi huu. Nikakupigia simu. Wewe ukasema kama mazoezi yote yale hayakusaidia basi hatuna njia nyingine, ukaomba likizo kazini ili uwe naye. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku hiyo, na siku iliyofuata, na ile nyingine. Sikusema.

Zile dawa kali zilimfanya asinzie mchana kutwa. Kitini anasinzia, akiamka mgongo umekaza kuliko jana. Na ile alama kwenye kiwiko uliyoiona kwenye picha, nikakwambia amegonga mlango, haikuwa mlango. Alianguka, Dada. Alikuwa anatoka jikoni kwenda kitandani, kichwa kikazunguka. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na mkate mkononi, nikasikia kishindo. Nilimkuta amekaa sakafuni, ndala moja ameishika, akaniambia amekaa tu kidogo. Nikamwinua. Na Jumapili ile ile nikajaza kadi nyingine. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonikaba zaidi.

Sasa nikwambie kilichonivunja. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita maji yalikatika kazini jengo zima, wakaturuhusu kuondoka saa sita mchana. Nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Kiti cha buluu kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amekaa mezani, pahali pangu, miwani imemshuka puani. Mbele yake kulikuwa na kadi, na kalamu mbili, ya buluu na nyeusi.

Alikuwa anatia tiki. Alitia moja ya asubuhi kwa kalamu ya buluu, akaiweka chini, akachukua nyeusi, akatia ya jioni. Ulimi ulikuwa umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa amefika Alhamisi. Kumbe Jumatatu yake tulikuwa na miadi na Inuka, na kadi ya wiki ile mimi nilikuwa nimeisahau tupu kabisa.

Nikasimama mlangoni na viatu vyangu. Aliponiona hakushtuka.

"Nilidhani umechoka," akasema. "Nikaona nikusaidie."

Nilitafuta kejeli usoni mwake, Dada, ningeshukuru kuiona. Haikuwepo. Alikuwa ananisaidia kweli.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mwezi wa pili wa kadi. Alikuwa anafuta meza siku ya Jumanne, akaiona kadi, akaona kwamba Alhamisi ameshatembea, tena mara mbili, na namba yake ni tano. Alicheka aliponieleza hayo, halafu mgongo ukamkatisha kicheko, akashika meza. Mwanzo alidhani labda ndivyo kadi zinavyojazwa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi hiyo. Baadaye akaelewa. Akanyamaza, kwa sababu alijua ungenigombeza, na hakutaka wanawe wagombane kwa ajili ya mgongo wake. Ndiyo maana alikuwa na mafua siku ile. Ndiyo maana kwa daktari alifunga mdomo. Alikuwa tayari kulala kwenye kitanda cha upasuaji ili mimi nisiaibike mbele yako.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikachukua kadi ile, nikamuuliza namba yake ni ngapi. Alifikiri kwa muda mrefu, macho kwenye dirisha, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani wa zamani.

"Nane," akasema.

Nikamuuliza tangu lini ni nane.

"Tangu uache kuniuliza."

Nililia, Dada, na umri huu wangu na kitambi changu. Mama akanyoosha mkono akaniletea lile taulo la kiunoni nifute uso. Lilikuwa kavu, limekakamaa kwenye mikunjo yake, kwa maana miezi mitano hakuna aliyelichovya kwenye maji ya moto.

Jumatatu tulikwenda kliniki na kadi zote, za kweli na za uongo, nimezitenganisha kwa mpira wa kufungia. Nilimweleza Inuka kila kitu, kalamu, tone la chai, mafua. Mama alitaka kunitetea akasema ni yeye aliyekataa kutembea, nikamwomba aniache nimalize. Inuka hakupiga kelele. Ningeona afadhali angepiga. Alitoka, akarudi na daktari, na huyo ndiye aliyenisema. Aliinua kifurushi cha kadi akaniambia, bila kupandisha sauti: "Nilikuwa nimpasue mama yako kwa kuiamini kalamu yako."

Maneno hayo naamka nayo kila asubuhi. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu wewe pia uliiamini kalamu hiyo hiyo, ukasafirisha wasiwasi wako wote kuja huku kumbe unasomewa hadithi.

Basi ndiyo sababu ya kuahirishwa. Daktari amesema upasuaji huenda ukahitajika na huenda usihitajike, yeye hawezi kujua, kwa kuwa mgongo wa Mama haujawahi kujaribiwa. Ametupa wiki kumi na mbili za mazoezi ya haki, halafu atampima upya. Dawa kali zinapunguzwa polepole kwa mpango wake mwenyewe, hatuzikatizi kienyeji. Inuka akatoa kadi mpya. Nikanyoosha mkono kuipokea, akanipita, akampa Mama. Kalamu pia akampa Mama.

Leo ni siku ya kumi na tatu. Nataka nikueleze tunavyoishi, na uniamini kwa kadiri utakavyoweza.

Asubuhi kabla sijaenda kazini namnyooshea miguu kitandani, goti moja, halafu jingine, anahesabu yeye na mimi nashika. Kisha korido. Tulipotokeza siku ya kwanza, fundi saa alitoka mlangoni akatuuliza tulisafiri wapi miezi yote hiyo. Mama akamjibu kwamba tulikuwa tunatembea sana, ila kwenye karatasi. Wakacheka wao wawili, mimi nikatazama ukuta.

Mchana nikiwa kazini, mke wa fundi saa huja kukaa naye saa mbili tatu na kazi yake ya kusuka vikapu. Mama hasubiri tena saa ya ukutani imwambie nusu saa imefika. Redioni matangazo ya biashara yakianza, anainuka, anashika meza, anazunguka kiti, anakaa. Anasema tangu azaliwe hajawahi kupata faida kwenye matangazo ila sasa. Jioni tunarudi koridoni, halafu taulo la moto, halafu taa inazimwa saa tatu na nusu, hata kama mchezo wa redio haujaisha. Anakasirika kidogo hapo.

Usifikiri amepona. Nisije nikaanza tena kutia chumvi. Jumatano iliyopita alishindwa hata kuvaa soksi, tukatembea mpaka mlango wa jirani tu na kurudi, na kisanduku cha jioni akakiacha wazi mwenyewe. Ijumaa mgongo ulitulia, akataka kuyashusha mapazia afue. Nikamkumbusha maneno ya Inuka. Akaninunia mpaka niliporudi kazini jioni, akisema sina haki ya kumkatalia mtu mapazia yake. Alikuwa sahihi kwamba sina haki. Lakini mapazia hayakufuliwa, na Jumamosi akaamka bila kulia.

Kazini nako nimechana kadi zilizojazwa mapema. Nimewaambia watu wangu kila mtu atie saini akishasafisha, na pasiposafishwa paachwe wazi. Wananitazama kama mtu aliyepandishwa cheo au aliyeingiwa na wazimu, hawajaamua ni lipi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi ya kwanza ya kweli. Ni Mama aliyeijaza, kwa kalamu moja. Utaona tiki zake zinatetemeka na visanduku tisa vitupu. Utaona namba: nane, nane, saba, nane, saba, saba, sita. Nimeiangalia sana kadi hii. Ni mbaya kuliko zote nilizowahi kukutumia, na ndiyo pekee ninayoweza kuitazama.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Msamaha nao una saa yake, na mimi nimekuzoeza kupokea vitu kabla ya wakati. Ninaomba mawili tu. La kwanza, likizo yako usiirudishe. Ulikuwa unakuja kumngoja nje ya chumba cha upasuaji. Njoo basi utembee naye korido. Utanigombeza jioni akishalala, nitakaa na nitasikiliza. Mama anaogopa kwamba utakuja na hasira zielekee kwake kwa kuwa alinyamaza. Nimemwambia hutafanya hivyo.

Nisalimie Shemeji, umwambie nimeona aibu na kwake pia, maana najua ni yeye aliyekuwa akizichapisha zile picha za kadi na kuzibandika jikoni kwenu. Azibandue. Msalimie mama mkwe wako na maumivu ya goti lake, ambayo mimi nilikuwa nayatolea ushauri kwa mdomo mpana. Kifaru na Mpole waambie mjomba anawapenda, na kwamba Bibi amewawekea vibanio viwili vya rangi, watakuja kuanika naye nguo juu ya paa tukijaliwa kufika huko. Fundi saa na mkewe wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi zako, akuondolee kikohozi hicho, na akulipe kwa kila hatua uliyomtakia Mama ambayo mimi niliipoteza.

La pili ni hili. Ukipiga simu Jumapili ijayo, mimi nitapokea kama kawaida, na wewe kama kawaida utaniuliza Mama anaendeleaje. Usiniulize. Miezi yote hii nimekuwa nikijibu kabla yake, hajambo, anaendelea vizuri, na yeye amekaa hapo hapo anasikia hali yake ikitajwa na mtu mwingine. Sema nimpe simu. Muulize namba ni ngapi leo, halafu usiseme kitu, subiri. Utadhani mtandao umekatika. Haujakatika. Huwa anachelewa kidogo kujibu, kwa kuwa anakwambia ukweli.

Ni mimi wako, nikupendaye kwa moyo wote na kwa aibu yote,

Mdogo wako.